Miaka Yangu ya Kulinda Saa ya Shangazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa meza ya kulia chakula, kalamu iliyotafunwa, na dayari ya bure kutoka kwa wauza mbegu. Aliyeniajiri ni Shangazi Zuhura, muuza vitenge mtaani Makanyagio. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri ajira kama wenzangu wote. Yeye alikuwa ametoka kliniki, presha iko juu. Muuguzi alimwambia alale kila mchana, la sivyo siku moja ataanguka dukani.

"Wewe si umesomea mipango?" aliniuliza. "Haya, ipange nyumba hii nilale."

"Nilisomea mipango miji, Shangazi."

"Na Makanyagio si mji?"

Sikubali vitu kirahisi. Dayari niliiona ni pambo la watu wenye wasaidizi. Lakini mume wa Shangazi alikuwa safarini na lori muda mwingi, na nyumba nzima ilipita kwenye kichwa cha mtu mmoja: nani anachota maji, sare ipi haijafuliwa, nani anashika duka. Nikasema tujaribu, tuone.

Kwa mdogo wangu unayesoma haya, utakayeshika kazi hii kwenye nyumba yako, naeleza tulivyofanya. Ukurasa niliugawa asubuhi, mchana na jioni, kila kazi ikapewa jina la mtu. Kazi ya jana iliyobaki tuliiita kiporo. Hiyo iliandikwa juu kabisa, ipashwe moto kwanza. Mstari wa chini niliuacha wazi kila siku, nimeandika "Mgeni", maana huku watu hawapigi simu kabla ya kuja. Na katikati, kuanzia saa nane mpaka saa tisa, nilichora boksi la wino mwekundu: Saa ya Shangazi.

Mchana wa kwanza Shangazi alijilaza. Hazikupita dakika nyingi, Hamisi, mwanawe mdogo, akagonga mlango wa chumba.

"Mama, naenda kuchota maji."

"Nenda baba."

Akafuata Rehema, dada yake, wa sekondari. "Mama, naenda tuisheni." Kisha Hamisi tena: "Mama, nimerudi."

Nikamshika Rehema mlangoni. "Imeandikwa! Tuisheni iko pale, na jina lako. Unamgongea ya nini?"

Akanishangaa. "Sasa dada, niondoke tu kama mbuzi?"

Wiki nzima ilikwenda hivyo. Ratiba ilikuwa nzuri, na Shangazi hakulala. Nilifika mahali nikatangaza kwamba mchana hakuna kuaga, kwa sababu kuaga ni desturi tu, na desturi inaweza kuulizwa maswali. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja vitenge.

"Umemaliza? Mtoto akitoka sijui, mimi nitafumba macho, lakini moyo utakuwa barabarani unahesabu bodaboda. Huko ndiko kulala?"

Yeye ndiye bosi wa kwanza kunishinda kwa hoja, na chuoni nilibishana na wengi.

Kwa hiyo tukahamisha kuaga. Kila jioni baada ya kula, dayari ilifunguliwa na kila mtu akaaga kesho yake. Hamisi aliaga maji, Rehema akaaga tuisheni. Shangazi aliuliza yote anayotaka: utapita njia ipi, utarudi na nani. Akisharidhika anasema, "Nenda salama," nami naweka alama. Anayerudi mchana anavua ndala zake mbele ya mlango wa chumba, ili Shangazi akiamka aone kwa macho kwamba wote wamo. Mchana wa kwanza wa utaratibu huo tulisikia akikoroma. Rehema alijiziba mdomo asicheke.

Mtihani ulikuja na Baba Mkubwa, kaka yake Shangazi, mkulima wa mpunga wa Kasansa. Alifika saa nane na nusu, amebeba jogoo anayepiga kelele.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba. Mdogo wangu yuko wapi?"

"Amelala."

"Anaumwa?"

"Hapana. Ni saa yake."

"Saa yake! Nyie wa mjini siku hizi mnalala kwa saa? Mwamshe, mwambie kaka yake amekuja."

Nilijua nikimkatalia mzee huyu, habari itafika Kasansa kabla yake. Nilijua pia kwamba nikigonga mlango ule leo, kesho kila mtu atagonga. Nikamfungulia dayari.

Akainyanyua mbali na uso wake. "Na mimi niko wapi humu?"

Nikamwonyesha mstari wa chini.

"Mgeni. Kumbe mlijua nakuja?"

"Hatukujua. Tunakuachia nafasi kila siku."

Aliusoma mstari ule tena. Kisha akavua koti, akamfunika jogoo mpaka akatulia, akakaa kwenye mkeka. "Niletee maji," akanong'ona. "Taratibu, utamwamsha."

Kliniki iliyofuata walisema presha inashuka. Sijui ni dayari au ni vidonge. Sina ushahidi wa kutenganisha. Ninachojua ni kwamba sauti zilipungua nyumbani, na Shangazi alianza kucheka dukani.

Nimestaafu mwaka huu, kabla ya umri wa kustaafu, kwa kuwa nimepata kazi Sitalike. Dayari nilimkabidhi Rehema. Basi langu lilikuwa la mchana, na begi likiwa begani nilijikuta nimesimama mbele ya mlango wa chumba, mkono juu, tayari kugonga.

"Dada!" Rehema alinong'ona nyuma yangu. "Umeshaaga jana."

Ndani Shangazi alikuwa anakoroma. Nikashusha mkono, nikavaa ndala zangu, nikaondoka polepole.