Shingo Niliyoionyesha Haikuwa ya Mgonjwa

Mimi ni daktari mchanga huku Kitale. Juzi tulikuwa tumtoboe shingo mzee mmoja wa Tongaren, tumtie mpira wa kupumulia. Daktari mkuu alitaka kuongozwa na kamera ya kuteremshwa kooni. Mimi mjuaji nikabisha, ati ultrasaundi, ile mashine ya kuonyesha ndani ya mwili kwenye skrini, inatosha.

"Si uone, Daktari, hapa hakuna mshipa wa damu," nikajigamba nikimwonyesha skrini.

Akashika sindano, halafu akasita. "Hebu sogeza hicho kifaa cha kupimia shingoni."

Nikasogeza. Picha haikutikisika.

Akasoma jina lililoandikwa juu ya skrini. "Kwani hii ni shingo yako?"

Ilikuwa yangu. Nilijipima asubuhi nikijifunza, nikaigandisha picha, nikasahau. Nilipompima mzee mwenyewe, mshipa mnene ulikuwa papo hapo sindano ilipoelekea.