Inchi Moja na Nusu ya Ozell Tarver

Ozell Tarver aliacha shule akiwa darasa la saba, na ukimuuliza atakwambia shule ndiyo iliyopata hasara. Tangu hapo amelala chali chini ya nyumba za watu miaka hamsini na mitatu, akizinyanyua kwa jeki. Kwa hesabu yake mwenyewe ni nyumba mia mbili na kumi na mbili, makanisa tisa, na benki moja. Anasema benki alinyoosha jengo tu, wenye benki walimshinda.

Kazi hiyo iko kwetu, hapa katikati ya Alabama, kwenye ukanda wa udongo mweusi. Udongo wetu una tabia za mlevi. Ukinywa unavimba kifua, ukikosa unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono mpaka kwenye bega. Nyumba iliyokaa juu yake inapanda na kushuka kila mwaka. Wageni wakijenga hapa, ukuta unapasuka, wanamlaumu fundi, halafu wanamlaumu fundi wa pili. Sisi tunamwita Ozell.

Mwaka ule, mwisho wa Julai, alikuwa chini ya Kanisa la Kibaptisti la Chemchemi Mpya. Kanisa letu ni la mbao, lina miaka mia moja na arobaini na kitu, limekaa juu ya nguzo fupi za matofali, na lilikuwa limelala upande wa kusini vibaya mno. Wanakwaya walikuwa wanaimba wameegemeana. Shemasi Purvis Gaines, mwenyekiti wa mashemasi, alikuwa amempa Ozell mwezi mmoja alinyooshe kabla ya Jumapili ya pili ya Agosti, siku ambayo watoto wetu wote waliohamia Detroit na Chicago wanarudi nyumbani kusali, kula na kutuonyesha magari.

Siku hiyo Shemasi alikuja akainama kuchungulia.

"Kaka Ozell, umefika wapi?"

"Shemasi, hilo tumbo linanizibia mwanga. Sogea kidogo."

"Nauliza umefika wapi."

"Nimemaliza."

Shemasi aliingia ndani, akaweka limau sakafuni katikati ya mabenchi. Limau likafikiria kidogo, halafu likaanza safari kuelekea kusini, polepole, mpaka ukutani. Akarudi nje.

"Umemaliza nini? Limau limekimbia."

"Limekimbia kwa mwendo gani?"

"Ozell, usinifanyie mchezo."

"Mwendo wa limau ni muhimu. Kama limetembea kama wewe unavyokwenda kazini, basi ni inchi moja na nusu, na ndivyo nilivyotaka."

Akatambaa akatoka, akajipangusa, akaeleza, ingawa Shemasi amezaliwa hapa na alipaswa kujua. Kiangazi jua linapiga upande wa kusini wa kanisa kutwa nzima. Udongo wa kusini unasinyaa, nyumba inashuka. Mvua za baridi zikija, udongo unavimba, upande ule ule unapanda. Ukinyoosha nyumba sawasawa mwezi wa Agosti, Februari itakuwa imelala upande mwingine. Kwa hiyo unaiacha chini, inchi moja na nusu, udongo umalizie wenyewe.

Haya Ozell hakuyasoma popote. Aliyajua kwa aibu. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, nyumba ya kwanza aliyonyanyua peke yake, bila mjomba wake Dock aliyemfundisha kazi, ilikuwa ya mama mkwe. Aliinyoosha Septemba, maji kwenye mpira wa kupimia usawa yakakaa sawa pande zote mbili kama yamechorwa kwa rula. Akajisifu mpaka njia panda ya dukani. Februari mlango wa mbele ukang'ang'ania kwenye fremu, mama mkwe akiwa ndani, amevaa nguo za kwenda msibani. Alitokea dirishani, matako kwanza, mbele ya mchungaji. Yule mama aliishi miaka thelathini zaidi na hakukosa mtu wa kumsimulia.

"Mimi hayo nayajua," Shemasi akasema. "Lakini wageni wanakuja Agosti, hawaji Februari. Wataona nini?"

"Wataona kanisa."

"Wataona limau, Ozell."

Na kweli waliona limau. Jumapili ilipofika, jua kali, mapepeo ya mkono yanapepea, watoto waligundua mchezo kabla ya maombi ya kwanza kwisha. Ndimu, machungwa, chupa ya maziwa ya mtoto, vyote vilikwenda kusini. Halafu binti wa Shemasi, Renita, ambaye ni injinia wa majengo huko Detroit, akaweka simu yake inayopima usawa sakafuni, akaitazama, akaiweka mahali pengine, akaitazama tena.

"Mzee Ozell," akasema, kwa heshima kabisa, "sakafu imeshuka inchi moja na nusu upande wa kusini."

"Sawasawa. Ungesema mbili ningekwambia simu yako mbovu."

Watu wakacheka, lakini Shemasi hakucheka. Baada ya chakula, pale nje kwenye meza ndefu, watu wakiwa bado wana mafuta ya kambale wa kukaanga vidoleni na pai ya viazi vitamu mashavuni, alisimama akasema jambo ambalo kumbe lilikuwa limepikwa siku nyingi. Watoto walioko kaskazini wako tayari kuchanga. Kanisa hili limechoka. Libomolewe, lijengwe jipya la chuma na bati juu ya zege, lenye vipoza hewa na choo cha ndani. Limechorwa tayari. Zinahitajika kura tu.

Ozell aliweka chini mfupa aliokuwa anaushughulikia. Mjomba wake Dock aliwahi kulinyoosha kanisa hili, na babu wa huyo Dock alikuwa mmoja wa waliopandisha kenchi za paa lake. Na zaidi ya hayo, likibomolewa wiki mbili baada ya yeye kusema amemaliza, hakuna nyumba nyingine kwenye wilaya hii itakayomruhusu alale chini yake.

Akasimama. Ozell akisimama kusema, watu hujiweka vizuri vitini.

"Mwanangu Renita, wewe umesoma, na mimi nakuheshimu. Mimi pia nimesoma, ila nimesoma chali. Sasa sikiliza. Hapa tulipokaa palikuwa bahari. Nenda pale kijitoni utaokota meno ya papa, wajukuu wangu wanayo kopo zima. Bahari ikaondoka ikaacha chokaa, juu ya chokaa ukaota huu udongo mweusi. Wakaja wazungu na pamba yao, wakaona udongo huu ni mali, wakatuleta sisi kutoka Virginia tumefungwa minyororo, tuulime. Hatukuuchagua. Tulipokuwa huru, waliondoka wanaoondoka. Waliobaki walifanya nini? Walinunua hii ekari moja, wakajenga juu ya udongo ule ule uliowaua, na wakajenga kwa akili. Hawakujenga kitu kigumu. Walijenga kitu kinachokwenda na udongo, ukipanda kinapanda, ukishuka kinashuka. Wewe unataka kumwaga zege juu yake. Zege halina adabu, litabishana. Na udongo huu, nakuhakikishia, haujawahi kushindwa kesi."

"Zege linaweza kuwekewa vyuma, mzee," Renita akasema.

"Liwekee. Litapasuka kwa maringo zaidi."

"Sasa unataka nini, Ozell?" Shemasi akauliza.

"Nataka Februari. Jumapili ya kwanza ya Februari huyu binti aje na simu yake. Sitagusa nguzo hata moja kuanzia leo. Kanisa likiwa halijanyooka lenyewe, mimi nitang'oa ubao wa kwanza kwa mkono wangu, na jeki zangu mzitumie kufungia milango ya hilo banda la bati."

Wazee walitazamana. Ndipo Mama Irvelle Shoulders, mama wa kanisa, akagonga fimbo yake. Ana miaka themanini na tisa. Miaka ya sitini, watu wetu weusi walipojiandikisha kupiga kura na wazungu wenye mashamba wakawafukuza, wakaishi kwenye mahema kando ya barabara, yeye ndiye aliyekuwa anapikia mahema, na sufuria zilitoka kwenye kanisa hili.

"Februari ni mbali kwa mtu wa umri wangu," akasema. "Lakini nina nafasi. Tusubiri."

Nani atabishana na Mama Irvelle? Wakasubiri.

Sasa mvua nayo ikajifanya haisikii. Septemba hakuna. Oktoba hakuna. Mabwawa ya kambale yalishuka mpaka mbavu zikaonekana. Ozell akipita dukani, wanaume wa kwenye benchi wanamwinukia.

"Ozell, jana nimelipita kanisa, limeniegemea begani."

"Lilikunusa pombe, likadhani mko chama kimoja."

"Umeshachagua ubao wa kung'oa?"

"Nimechagua. Ni ule uliokalia wewe miaka kumi bila kutoa sadaka."

Alijibu kila mtu, na aliwalaza wote. Lakini kila Alhamisi alikuwa anaegesha gari kanisani, anatambaa chini na mpira wake wa maji, anapima, anatoka bila kumwambia mtu. Katikati ya Desemba mvua ikashuka. Ikashuka wiki tatu, barabara za ndani zikageuka gundi, ng'ombe wakawa wanavaa soksi. Nyufa zikafunga. Na kona ya kusini mashariki ikaanza kupanda, robo inchi, nusu inchi, kwa adabu, kama alivyosema. Ozell aliongezeka kimo. Mkewe alimwambia apunguze kupiga mluzi kwenye chakula.

Kisha Alhamisi ya mwisho ya Januari akapima kona ya kusini magharibi, mluzi ukakatika. Kona ilikuwa imefika sawa na imepitiliza, imekwenda juu zaidi kwa inchi nzima.

Alilala pale kwenye tope akitazama nguzo kama imemtukana. Pembe tatu ziko sawa, moja imeota kiburi. Akatoka nje, akazunguka ile kona, ndipo akaona kilichokuwepo, au niseme kisichokuwepo. Mwaloni. Pale palikuwa na mwaloni mkubwa kuliko kanisa lenyewe, na miaka yote ulikuwa unanyonya maji ya kona ile, udongo wake haukuwahi kuvimba sawasawa. Ndiyo maana mjomba Dock alikuwa anaipandisha kona ile kuliko pembe nyingine, na Ozell naye Julai aliipandisha vivyo hivyo, mkono ukifuata mazoea. Lakini mwaloni ulipigwa na radi Machi iliyopita, ukakatwa. Na anajua fika ulikatwa, kwa sababu kuni zake alizichukua yeye. Aliokea nyama ya nguruwe kwa kuni za mti ule majira yote ya joto, akalamba vidole, na akaendelea kupiga hesabu kama mti bado umesimama.

Jumamosi alirudi na jeki ndani ya gari. Kulegeza kona moja ni kazi ya dakika ishirini, na hapakuwa na mtu, hata mbwa. Alikaa kwenye usukani muda mrefu. Angeweza. Kesho simu ya Renita ingesema sifuri kila mahali na Ozell angeishi vizuri na sifa zake mpaka kufa. Ila kanisa lingekuwa limenyooshwa na Ozell, na yeye alisema litanyooshwa na udongo. Na mwakani kona ingepanda tena, kwa sababu udongo uliokuwa na kiu miaka mia haumalizi kunywa kwa msimu mmoja. Aliwasha gari akaenda nyumbani.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko Pasaka. Renita alikuwa ameshuka kwenye ndege usiku uliopita. Kabla hajaweka simu chini, Ozell akasimama.

"Subiri, mwanangu. Utakuta pembe tatu ziko sawa. Ya nne, hiyo ya kusini magharibi, iko juu inchi moja. Nilisahau mwaloni."

"Ulisahau nini?" Shemasi akauliza.

"Mti, Purvis. Nimeula mti mzima na nguruwe wanne, nikasahau kwamba haupo."

Watu walicheka, lakini kidogo. Renita akapima. Alipima mara mbili kila pembe, akiandika kwenye kikaratasi. Alipomaliza alikaa kwenye benchi, akakitazama kile kikaratasi.

"Ni kama alivyosema," akasema. "Pembe tatu ziko sawa kabisa. Agosti upande wa kusini ulikuwa chini inchi moja na nusu, na nyufa nje. Baba, mimi nimejenga nyumba kumi na nne, na hakuna hata moja niliyoweza kusema miezi sita kabla itakaa wapi."

"Kwa hiyo tufanye nini?" Shemasi akasema. "Alisema litanyooka. Halijanyooka lote. Nguzo ya nne haihesabiwi?"

"Inahesabiwa," Ozell akasema. "Nilisema nitang'oa ubao. Mkiniambia nianze, naanza."

"Na hiyo kona itaendelea kupanda mpaka lini?" Renita akamuuliza.

Ozell akaitazama ile kona. "Sijui."

Shemasi akamgeukia katibu. "Andika hiyo. Weka na tarehe."

Hapo kanisa zima likacheka kweli, na Ozell mwenyewe akacheka. Renita akangoja watulie, akasema kwamba angemwaga zege hapa, kona ile ile ingelipasua ndani ya miaka mitatu, na mtu wa kuirekebisha hayuko kwenye michoro. Nyumba ya mbao unalegeza kabari juu ya nguzo, basi. Yeye kura yake anaitoa kwenye lililopo, kama kuna mtu wa kuitazama ile kona kila mwaka.

Shemasi akaita kura ya kulibakiza kanisa. Mikono ikanyooka, mmoja mmoja, halafu mingi. Mama Irvelle alinyoosha yote miwili.

"Mama, unahesabiwa mmoja," Shemasi akamwambia.

"Wa pili ni wa mume wangu. Yuko pale nje kwenye makaburi, hawezi kuingia."

Shemasi akafikiri, akahesabu yote miwili. Mwishoni, kwa shingo upande, akanyoosha na wake.

Jumatatu asubuhi Renita alikuwa amesogeza mbele safari yake ya Detroit, amelala chini ya kanisa kwa suruali ya kuazima, ameshika ncha moja ya mpira wa maji. Ozell alikuwa upande wa pili, kwenye ile kona, analegeza kabari nusu inchi tu, nusu nyingine waitazame mwakani.

"Inua," akasema. "Siyo hivyo. Detroit wanashika mpira wa maji kama nyoka?"

"Umesema niinue, mzee."

"Nimesema inua, sijasema uniogeshe."