Ruhusa ya Kurudi

Mtaani aliitwa Balozi, ingawa kazi yake ilikuwa kujaza na kushona upya makochi. Jina hilo hakujipa. Alipewa na wageni wenzake, watu waliohamia mjini kutoka nchi hii na ile, wenye vibali vya kuishi mfukoni na wasiwasi kichwani. Walipokwama kwenye jambo la viza, walikwenda karakanani kwake badala ya ofisi ya uhamiaji. Ofisi ilikuwa karibu zaidi. Ilikuwa na bango, saa za kazi, na karani aliyelipwa mshahara ili aulizwe maswali. Lakini wageni wa mji ule walikuwa na imani moja isiyotikisika: ukienda dirishani kuuliza, wanakukumbuka. Na mtu mwenye kibali hataki kukumbukwa.

Kwa hiyo walikaa kwa Balozi, juu ya makochi ya wateja. Mwenye shida ndogo alikalishwa kwenye kiti ambacho springi zake zilikuwa bado nje. Mwenye shida kubwa alipewa kochi lililokwisha kazi, likingoja mwenyewe, kwa kuwa habari mbaya humwingia mtu vizuri zaidi akiwa amekalia sponji mpya. Balozi alijibu akiwa amepiga magoti, misumari midogo imebanwa midomoni, jambo lililoyapa majibu yake ufupi na uzito.

"Balozi, mke wangu anakuja kunitembelea. Aseme ni matembezi, au aseme anakuja kwa mumewe?"

"Matembezi."

"Na wakimuuliza mumewe yuko wapi?"

Msumari ulitoka mdomoni, ukapigwa. "Asijibu zaidi ya alichoulizwa."

"Lakini hicho ndicho alichoulizwa."

"Basi ajibu polepole."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafundisho. Vuka mpaka Jumanne, siku ambayo maafisa hawana hasira ya Jumatatu wala haraka ya Ijumaa. Usivae shati jipya. Usitie pasipoti kwenye jalada la ngozi, watadhani unazo. Usitabasamu kabla afisa hajatabasamu. Hakuna aliyejua Balozi ameyatoa wapi, na kusema kweli hakuyatoa popote. Yalimjia akiwa kazini, moja leo, jingine mwezi ujao, kama yanavyomjia mtu yeyote ambaye mikono yake ina shughuli na kichwa chake hakina. Wengi walivuka salama, wakarudi wakimsifu. Wangevuka salama hata Alhamisi, ila hilo hakuna aliyethubutu kulijaribu.

Jambo ambalo waliomsifu hawakulijua ni kwamba Balozi mwenyewe hakuwahi kuuvuka mpaka ule tangu siku alipoingia kwa mara ya kwanza, kijana mwenye sanduku la nyundo. Ulikuwa mwendo wa asubuhi moja tu kwa basi. Mkewe, mzaliwa wa mji na raia, aliuvuka kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Alikwenda upande wa pili kununua vitambaa vya karakana, akarudi na kuanza kulalamika juu ya vyombo visivyooshwa kabla hata hajavua viatu. Binti yao, raia kwa upande wa mama, aliolewa hukohuko. Siku ya harusi Balozi alisema ana makochi ya hoteli ya kumaliza. Hoteli ilikuwa imeyaleta kwa matengenezo ya baadaye, wakati wowote atakapopata nafasi. Mama mtu alikwenda peke yake, akapiga picha nyingi, na katika zote kulikuwa na kiti kitupu pembeni ambacho hakuna aliyekitaja.

Sababu ya yote hayo ilikuwa mwoka mikate.

Mwoka mikate alikuwa mgeni kama Balozi, mwenye tanuri lake na wateja wa alfajiri. Alifiwa na baba yake kwao. Akaja karakanani, akakaa kwenye kochi la shida kubwa, akauliza: ana kibali cha kuishi, akitoka kwenda kuzika, atarudi bila taabu? Balozi akamjibu bila kuinua kichwa, "Kibali si unacho? Nenda." Akaenda. Aliporudi mpakani, afisa aliipekua pasipoti, akamweleza kwa upole kwamba kibali chake kilikufa siku alipotoka, kwa kuwa alitoka bila ruhusa ya kurudi. Akagongewa muhuri wa mgeni wa muda mfupi. Tangu hapo mwoka mikate anaishi mjini kwa viza ya matembezi, anayoihuisha kila inapokaribia kwisha. Tanuri liliandikishwa kwa jina la shemeji yake. Kisheria, kila alfajiri mtu huyu huitembelea mikate yake mwenyewe.

Kilichomwokoa Balozi ni kwamba mwoka mikate alisafiri Ijumaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitangaza. "Niliambiwa Jumanne," alisema, "nikajifanya mjuaji." Watu wakatikisa vichwa, na heshima ya Jumanne ikapanda maradufu. Balozi aliyasikia hayo akiwa amepiga magoti, misumari midomoni, akapigilia mmoja baada ya mwingine. Tangu siku ile hakuliamini tena neno lake hata moja, ingawa aliendelea kuyatoa mafundisho, maana watu waliendelea kuja.

Sasa bintiye akapiga simu. Mtoto wake, mjukuu wa kwanza wa Balozi, alikuwa ameanza kucheka. Habari nyingine ilikuwa kwamba mumewe amehamishiwa kazi ng'ambo, mbali kabisa, kwa mkataba wa miaka, na nauli ya kuja kusalimia si ya mchezo. Wangeondoka mwisho wa mwezi. Mtoto hakuwa na pasipoti bado. Ingetoka dakika za mwisho, wakiwa wameshaanza kufunga mizigo, kwa hiyo kumleta yeye kwa babu haikuwezekana.

"Njoo wewe, Baba," alisema. "Au una makochi ya hoteli?"

Balozi alibaki ameishika simu hata baada ya kukatika. Mkewe, aliyekuwa akimenya vitunguu, hakuhitaji kuelezwa.

"Nenda kaulize pale ofisini."

"Ukiuliza, wanakukumbuka."

"Wakukumbuke mara ngapi, mume wangu? Viti vyao umevijaza wewe. Kila wakikaa wanakukumbuka kwa makalio."

Hilo lilikuwa kweli. Viti vya ofisi ya uhamiaji vilipita karakanani mwaka uliotangulia. Alivirudisha mwenyewe, akapewa chai, akakalishwa mbele ya mkuu wa ofisi ili aone jinsi kiti kilivyotulia. Mkuu alimuuliza kama kuna lolote angependa kuongeza. Balozi akasema kitambaa kisimwagiwe maji.

Aliamua kwenda mpakani. Alichokusudia kufanya akifika hakukiweka wazi hata kwake mwenyewe. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, shati lilikuwa kuukuu, na pasipoti ilikuwa haina jalada. Mkewe alikaa naye kwenye basi akimtazama alivyojiandaa kwa kila kitu isipokuwa swali.

Mpaka wenyewe ulikuwa paa la mabati, madirisha mawili, na kipande cha lami kati ya mageti mawili. Ukisimama kwenye foleni uliweza kuwaona watu wa upande wa pili vizuri, kama majirani wanaoonana uani. Binti yao alikuwa kule, amesimama kwenye kivuli cha ukuta, mtoto begani. Aliinua mkono. Balozi akainua wake nusu, akaushusha, kwa kuogopa kuonekana mtu mwenye haraka.

Nyuma yake alisimama mwalimu wa muziki, mgeni pia, mwanafunzi wake wa siku nyingi katika elimu ya Jumanne.

"Balozi! Wewe pia unavuka leo? Basi mimi nimelala, nimeamka, nimefika."

"Tutaona," alisema Balozi.

"Ah, unyenyekevu huo! Nyinyi mnaojua ndivyo mlivyo."

Mkewe alivuka kwanza, kwenye dirisha la raia, na halikumchukua muda wa kufunga mkoba. Kisha ikawa zamu yake kwenye dirisha la pili. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Akaipokea pasipoti, akaifungua ilipofunguka, akaulowesha muhuri kwenye wino. Kazi hiyo aliifanya huku akiongea na mwenzake juu ya kodi ya nyumba. Muhuri ulikuwa umeinuka tayari.

"Subiri, mama," alisema Balozi.

Muhuri ukasimama hewani. Foleni yote ikasimama pia, ingawa ilikuwa imesimama tangu mwanzo.

"Ukigonga huo, kibali changu kinabaki?"

Afisa akavaa miwani. "Una ruhusa ya kurudi?"

Balozi alikuwa na majibu ya kila namna kwa swali lolote la afisa. Aliwahi kuwafundisha watu kusema "ndiyo" kwa sauti ya katikati, na "iko kwenye mzigo," na "nilidhani imeshawekwa humo." Nyuma yake alisikia mwalimu wa muziki akivuta pumzi ili asipitwe na somo.

"Sijui," alisema. "Hata sijui inapatikana wapi. Naomba unielekeze."

"Miaka yote hii unaishi kwetu, hujui?"

"Sijui, mama."

Afisa aliurudisha muhuri kwenye kikasha chake, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaisahau kodi ya nyumba. Akaeleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu njia ya kwenda sokoni. Ruhusa hutolewa na ofisi ya mjini, kabla ya safari, na mwenye kibali hai hanyimwi. Pale mpakani hawaitoi. Akimgongea leo, atakuwa ametoka kabisa, na akirudi atapokelewa kama mgeni yeyote. "Watu wazima mnalia hapa dirishani kila wiki," alisema, "na hakuna hata mmoja anayeuliza kabla. Kwa nini?"

Balozi angeweza kumjibu. Badala yake alichukua pasipoti, akashukuru, akatoka kwenye foleni. Mwalimu wa muziki alimtazama, akaitazama pasipoti yake mwenyewe, akatazama dirisha, akatoka pia.

Upande wa pili wa mpaka bintiye alimwona baba yake akigeuka na kumpa kisogo. Simu ililia kabla hajafika kwenye kituo cha basi.

"Kwa hiyo umerudi, Baba."

"Nimeuliza."

"Umeuliza nini?"

"Ruhusa. Nimeuliza dirishani. Nitakwenda kuichukua, halafu nitakuja."

Mtoto alisikika akitoa visauti karibu na simu. "Wewe?" alisema bintiye hatimaye. "Dirishani?" Sauti haikuonyesha kama anacheka. "Haya. Tutaona." Akakata.

Habari zilimtangulia mjini. Jioni ile mwoka mikate alikuja karakanani, bado ana unga kwenye nywele, akakaa bila kukaribishwa. Alibonyeza sponji kwa kidole, akaitazama ikiinuka.

"Nasikia kuna ruhusa," alisema.

"Ipo."

"Inatolewa pale pale uhamiaji, pembeni ya posta?"

"Pale pale."

"Kumbe haikuwa Ijumaa."

Balozi alitema misumari kwenye kiganja, yote. "Haikuwa Ijumaa," alisema. "Nilikujibu kitu nisichokijua. Ningesema sijui, ungeuliza kwingine."

"Nisingeuliza," alisema mwoka mikate. "Nani angeuliza?" Alisimama, akajipangusa unga kwenye suruali, ukaangukia kitambaa kipya cha mteja. Mlangoni akageuka. "Mimi nilikuwa na raha kidogo na ile Ijumaa, ujue. Mtu ukijua kosa lako, unatulia." Akaondoka bila kuaga, na Balozi akabaki anakung'uta kitambaa.

Asubuhi alikuwa wa kwanza ofisini. Karani alimwona akaita ndani kwa furaha, "Fundi amekuja! Mkuu, ule mguu wa kiti!" Ilibidi aeleze mara mbili kwamba safari hii amekuja kwa ajili yake mwenyewe. Wakamkalisha kwenye kiti alichokijaza kwa mkono wake, na hapo akatambua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria katika miaka yote aliyokaa mjini: kwamba alikuwa amepewa kibali cha kuishi, akakitumia kama amri ya kutotoka. Hakuna aliyemwamuru. Alijifungia mwenyewe, akaweka komeo, akawauzia wenzake maelezo ya mlango.

Ruhusa ilitoka kabla ya mwisho wa wiki. Alisafiri siku hiyohiyo, na ilikuwa siku gani ya wiki, hakuhesabu. Yule mama wa miwani akagonga. Balozi akaitembea ile lami kati ya mageti mawili akiwa amekaza macho mbele, pasipoti ameibana kwa mikono miwili, kwa sababu kujua sheria hakukuwa kumemfikia mikononi bado.

Dirisha la upande wa pili lilikuwa na kijana aliyechoka.

"Utakaa muda gani?"

"Ruhusa yangu inasema naweza..."

"Mzee, sijaiuliza ruhusa. Nakuuliza wewe. Unataka kukaa muda gani?"

Balozi alifikiri. "Mpaka wamalize kufunga mizigo," alisema. Kijana akakadiria tarehe, akagonga.

Bintiye alikuwa ng'ambo ya geti na mama yake, aliyebaki kwake tangu Jumanne. Hakumkumbatia. Alimtazama kwanza kutoka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayepokea mzigo uliochelewa, akiukagua, kisha akamkabidhi mtoto bila maneno. Mtoto aliutazama uso ule mgeni, akakunja wake, akaanza kulia kwa nguvu zake zote. Bibi yake akanyoosha mikono amchukue.

"Mwache," alisema Balozi. "Ana haki ya kulia."

"Hujamshika vizuri, Baba. Huyo si mto wa kochi."

Balozi akahamisha mkono mmoja chini, mwingine mgongoni, na kumtazama bintiye.

"Hivi?"

"Mwinue kidogo," alisema bintiye, akasogea karibu kumsaidia. "Zaidi. Hapo."