Kibati cha Clarrie Pascoe

Kila Jumapili Merle Pascoe alivuka barabara ya vumbi jekundu, akaingia bafu la zamani la wachimbaji, ambalo siku hizi ni ukumbi wa maonyesho ya picha za kuchora. Picha hakuzitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa vibati.

Mchimbaji aliposhuka mgodini alitundika kibati chake cha shaba, chenye jina lake, upande wa CHINI wa ubao huo; alipopanda alikihamishia JUU kwa mkono wake mwenyewe. Mwingine hakukigusa, hata awe nduguye. Watu wa pale walilijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuandika onyo.

Mgodi ulipofungwa vibati vyote vilikuwa JUU, isipokuwa cha Clarrie, kaka yake Merle. Mwamba ulimwangukia mgodini na wenzake hawakumfikia; hata mwili wake haukutolewa. Siku hizo Merle alikuwa msichana wa kugawa taulo humo humo bafuni. Baadaye aliolewa, akazika mume, wanawe wakahamia pwani. Kila walipomsihi awafuate, aliwajibu, "Clarrie bado yuko kazini."

"Bibi Merle! Umechelewa, nikadhani umeolewa tena," alitania Tamsin, mchoraji anayeutunza ukumbi.

"Waoaji wenyewe wako wapi? Mji umejaa wachoraji, hata kuosha brashi hawajui."

Kisha akaugeukia ubao. Upande wa CHINI ulikuwa mtupu.

Mgeni mmoja mwenye kofia pana alitabasamu. "Nimekihamisha mimi, mama. Kilikuwa peke yake, kikanitia huruma. Sasa wote wako nyumbani."

Tamsin alishika mdomo. "Mungu wangu! Samahani, bibi. Nakirudisha sasa hivi."

"Usiguse!"

Mkono wa Tamsin ukabaki hewani.

"Kukirudisha ni kumshusha," Merle alisema. "Nani kati yenu atamshusha Clarrie?"

"Basi wewe, bibi. Wewe damu yake."

Merle alisogea, akanyoosha vidole, vikaishia karibu na shaba. Hakuweza. Lakini kukiacha JUU nako kulikuwa uongo: Clarrie hakupita mlangoni, hakupokea taulo mkononi mwake.

"Nifanye nini, mama?" mgeni aliuliza, kofia mkononi.

"Ningejua ningekwambia."

Alikaa kwenye benchi, akauelekea ubao. Wageni walipita mbele yake, wakapungua, wakaisha. Tamsin alikuja na funguo, akachuchumaa kando yake.

"Nifunge, bibi?"

"Sijui, mwanangu," alisema Merle. "Sijui kama kuna mtu humu ndani, au bado yuko kazini."