Kamwani Kabla ya Kamera

Nakumbuka hata harufu ya siku ile, mwanangu: kuni mbichi, na ndizi zikichemka chunguni kwa shangazi yangu Kokushubila, pale Izigo. Nilikuwa na umri kama wako. Kidato cha sita nilimaliza, chuo kikuu sikupata, na baba alikwishaniambia kwamba jembe la Ngenge linaningoja, kwenye mpunga wa baba mdogo. Mimi nilitaka kamera tu. Unacheka? Cheka, lakini najua na wewe hulali vizuri tangu majina ya waliochaguliwa chuo yatoke.

Kazi nilikuwa nimejifunza Bukoba mjini, katika duka la kupiga video za harusi la Mzee Salumu. Kwake nilianza kwa kukunja nyaya na kushika taa, baadaye akaniachia kamera, akanionyesha na namna ya kukata picha na kuziunga. Ndipo tukasikia kwamba kituo kimoja cha televisheni kinatafuta msaidizi wa kutengeneza vipindi vya huku kwetu. Mtayarishaji wao, dada mmoja aliyeitwa Zaina, hakudai shahada.

"Niletee picha ya mtu mmoja wa kwenu," aliniambia. "Mtu mmoja tu. Nikimwona, nakuchukua."

Mzee Salumu akaniazima kamera, kwa sharti niirudishe kesho yake asubuhi kwa sababu ya harusi. Nikapanda gari la Muleba huku nimeipakata kama mtoto mchanga, nikashukia Izigo.

Nilikwenda kwa Ta Kamugisha, mzee aliyekuwa na mibuni ya zamani kuliko yote kijijini. Desturi yetu unaijua, ingawa ninyi vijana mnaifupisha. Mgeni anaketi, anasalimiana, anatafuna kamwani, ile kahawa iliyochemshwa na maganda yake ikakaushwa. Ndipo aseme kilichomleta. Ta Kamugisha alininyooshea kikapu chake. Nami, mtu wa televisheni, nikamjibu, "Asante, Ta, nina kazi, jua linaondoka." Nikamweka penye mwanga mzuri, nikamuuliza habari za kahawa. Akajibu kama yuko mkutanoni: tunashukuru, tunaomba pembejeo, asanteni kwa kutukumbuka. Picha safi, sauti safi. Nilitoka pale napiga mluzi.

Shangazi alikuwa anamenya ndizi nilipomwonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera. Aliangalia mpaka mwisho.

"Huyu ni Kamugisha?"

"Ndiye, shangazi."

"Mbona anaongea kama mwenyekiti wa kijiji?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kamwani alikupa?"

"Alitaka kunipa. Nilikuwa na haraka."

Akaweka kisu chini. "Waitu, Muta! Mtu akikataa kamwani yangu, nitamjibu vizuri ili aende zake. Kamugisha hukumleta hapa. Umeleta adabu yake ya kukutoa mlangoni."

Maneno yale yaliniuma, mwanangu. Nilitaka kumwambia kwamba yeye hata televisheni hana, atajuaje mambo ya televisheni? Lakini dada wa baba hajibiwi hivyo. Tena ndani yangu nilijua, kwa sababu Zaina alisema "nikimwona", na pale sikuona mtu wa kuonwa. Jua lilikuwa limeshuka na wingu zito linakuja kutoka ziwani. Nikirudi, mvua inaweza kuharibu kamera ya watu. Nisiporudi, nampelekea Zaina mwenyekiti wa kijiji, naye ananirudisha kwenye mpunga. Niliifunga kamera katika mfuko wa nailoni, nikarudi.

Ta Kamugisha hakuuliza kitu. Alisogeza kikapu tu. Nikaacha mfuko wangu karibu na mlango, nikaketi, nikatafuna. Tukasalimiana sawasawa: baba hajambo, mama hajambo, ng'ombe je, na fulani aliyefiwa. Mvua ikaja, tukaisikiliza. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi niliyaona maneno hayo kwa macho yangu, maana ilipopungua, mzee alianza kumzungumzia marehemu mkewe. Kijiji kizima kilimwita mzee huyo mkaidi kwa kukataa kung'oa ile mibuni mizee apande mipya.

"Aliipanda yeye, akiwa bado bibi harusi," alisema. "Kila ninapochuma, naona mkono wake umenitangulia."

Nikachukua kamwani nyingine kikapuni. Kisha yeye mwenyewe akatazama mlangoni. "Hicho kitu chako hakitaki kusikia?"

Nikaichukua kamera, tukatoka kibanjani, kwenye shamba lake la nyumbani. Migomba inadondosha maji, mwanga haupo, na yeye anazungumza huku ameshika shina la mbuni. Sikumuuliza hata swali moja.

Kesho yake kamera ilifika harusini, na mimi nikafika kwa Zaina. Aliangalia yote. "Picha yako ina giza," akasema, "na mvua imeingia kwenye sauti. Hayo nitakufundisha." Akarudisha nyuma, akamwangalia tena mzee. "Lakini huyu nimemwona."

Na kweli alinifundisha. Alikuwa na shahada yake, akanigawia bila kuninyima: mwanga, sauti, kuandika kipindi, hata kuongea na wakubwa. Kwa hiyo usidhani nasema chuo si kitu. Wasemao hivyo hawajawahi kufundishwa na mtu anayejua.

Sasa nimestaafu, nalima migomba yangu Buhembe. Shangazi hayupo, Ta Kamugisha hayupo, na watu wale nawakumbuka mpaka moyo unauma. Juzi alinijia mjukuu wa mzee yule, mama wa watoto, akiuliza kama ile picha bado ninayo. Hakuwahi kuisikia sauti ya babu yake. Nilimpa kamwani kwanza, tukasalimiana, kisha nikamwekea. Sauti ilipotoka katikati ya mvua, yeye alitabasamu. Aliyelia ni mimi.

Basi, mwanangu, sikia. Kukosa chuo hakujakufungia mlango, ila kumekuondolea njia ya mkato. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tafuta mtu mwenye kazi, mkunjie nyaya. Anayejua kuliko wewe, mwenye shahada au asiye nayo, muulize bila aibu. Mambo ya kamera yatabadilika kila mwaka, nawe utayajifunza kila mwaka. Lakini usije ukamwelekezea mtu kamera kabla hujaketi naye.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe jicho linaloona na mkono usiotetemeka. Na mlango wa mtu ukifunguliwa mbele yako, akupe moyo wa kuingia, kuketi, na kupokea kile unachonyooshewa.