Kioo cha Pili

Mama anayetunza maabara moja ya Korogwe huwasalimu samaki pundamilia wake, wale wadogo wenye mistari wanaotumika katika utafiti, kwa Kishambaa kila asubuhi, kisha hupima joto la maji kwa kipimajoto, halafu tena kwa kiwiko. Ukimharakisha, huguna tu. Siku moja Taiyo, mwanafunzi wa utafiti kutoka Handeni, alikuwa ametumia tone la mwisho la kingamwili za kutia alama seli zinazomeza vijidudu. Mara mbili zilizotangulia hakuona kitu. Sasa, kwenye kioo kilichokuwa chini ya hadubini, seli ziling'aa kijani, zimekizunguka kidonda cha mkia wa samaki.

“Mama, zimewaka!”

Yule mama hakucheka. Alisogeza chini ya hadubini kioo cha pili, chenye samaki ambaye hakuwekewa kingamwili.

“Kama huyu naye anawaka, mwanangu, basi ni mng'ao wa ngozi tu.”

Mama alichungulia kwa muda mrefu.

“Giza,” alisema hatimaye. “Giza tupu. Basi zako zimewaka kweli.”

Kisha akavuta kiti akaketi, jambo ambalo Taiyo hakuwahi kumwona akilifanya humo ndani. Alivua glavu taratibu, na viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho.