Trekta ya Mtu Mmoja

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya shamba. Nalisema hili mapema kwa kuwa watu walioniona barabarani, mama mtu mzima na mfuko mmoja, walidhani ninakwenda msibani au hospitali. Sikuwa mgonjwa, na mume wangu alishazikwa zamani. Nilikuwa nakwenda Likasi kuchagua trekta.

Shamba letu liko upande wa ziwa la Tshangalele. Si kubwa, ukisimama juu ya kichuguu kilicho katikati unaliona lote. Kwa miaka mingi tulililima kwa likelemba. Mjini likelemba ni ya fedha, kila mmoja anapokea kwa zamu. Sisi tuliweka majembe: leo wanawake wote kwangu, kesho wote kwa Mama Ngosa, keshokutwa kwa mwingine. Na kulikuwa na sheria moja. Ukifika mwisho wa mstari unasimama, unaegemea jembe, unamngoja yule wa nyuma kabisa. Hakuna kuanza mstari mpya mwenzako hajafika. Pale mwisho wa mstari ndipo tulipokunywa munkoyo, togwa yetu ya mahindi, tukasengenya wanaume, tukajua nani ana mimba kabla mumewe hajajua.

Kisha likelemba ikaanza kupungua. Mmoja alikwenda na wanawe kuosha madini. Mwingine alifuata kanisa lake mjini. Tukabaki mimi na Mama Ngosa, na tulicheka hivyo hivyo, wawili tu, mpaka binti yake alipomchukua Kolwezi akalee wajukuu. Msimu uliofuata nililima peke yangu hadi mgongo ukakataa, na nusu ya shamba ikabaki majani.

Mwanangu Donatien alikuja kuyaona majani hayo. Yeye ni fundi umeme Lubumbashi, na anaishi peke yake tangu mkewe aliporudi kwao na watoto. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba kama mvua nyingine itakuta shamba halijalimwa lote, nifunge nyumba nihamie kwake. Nilikubali papo hapo, kwa kuwa sikuwa na nia ya kushindwa. Mimi ni mbishi, hata padri wetu anajua. Kukaa kwenye kiti katika nyumba ya mtu mwingine nikingoja chakula kiive, hapana.

Siku ya safari niliamka mapema, nikafunga mlango, nikagundua kwamba hakuna mtu wa kumwambia ninakwenda. Nikawaambia kuku. Walikuwa na shughuli zao.

Nilipanda pikapu ya wauza samaki, juu ya mabeseni yaliyofunikwa kwa majani. Mama wawili wa samaki walizungumza wao kwa wao njia nzima, juu ya mkwe wa mmoja wao anayelala mpaka jua linakuwa kali. Nilikuwa na maoni juu ya wakwe wa namna hiyo, lakini hakuna aliyeniuliza. Tulipita bonde la Lufira. Nyaya nene za umeme wa bwawa la Koni zilipita juu ya vichwa vyetu, zikavuka vijiji ambavyo usiku vinawasha koroboi, zikaenda zao kwenye viwanda. Udongo ulikuwa mkavu na mwekundu, miti imeshatoa majani mapya, na joto lilikuwa lile la kabla ya mvua, linalomfanya mtu aangalie mbinguni kila saa. Nami niliangalia. Mawingu yalikuwa machache, nikashukuru.

Likasi tulifika soko likiwa limejaa. Jakaranda zilikuwa zimechanua kando ya barabara za zamani, na maua yake yalikanyagwa na pikipiki na magari ya madini. Nilifikia kwa Mama Beatrisi. Zamani tulifundisha ushonaji pamoja katika foyer, kituo cha mafunzo ya wanawake, tukiwa wasichana wawili wenye cherehani moja. Sasa ameingia kanisa la maombi, na nyumba yake haina kona isiyo na mtu: wakwe, wajukuu, na kikundi cha sala sebuleni. Walinipokea vizuri, wakaniwekea bukari, ugali wa kwetu, na mboga, wakaniombea wakiwa wameniwekea mikono kichwani. Nilikuwa katikati ya watu wengi kuliko nilivyoona kwa miezi, na sijawahi kujisikia mpweke namna ile. Kila mtu alijua wimbo ila mimi.

Baada ya chakula Mama Beatrisi alinivuta jikoni. Hakupenda mambo ya trekta. Aliona ninajificha.

"Kaa ku bantu, mama," alisema. "Muntu hakaake na mashini."

Nilimjibu kwamba sisi wawili tulikaa na mashine ujana wetu wote. Alicheka, lakini hakubadili neno lake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda dukani, karibu na barabara kubwa, wanapouza pampu, jenereta na zana za kilimo. Mbele kabisa waliweka trekta ndogo nyekundu ya magurudumu manne, yenye kiti. Nakiri kwamba ilinipendeza. Nilijiona nimeketi juu yake na kitambaa changu kichwani, nikipita mbele ya nyumba ya chifu. Muuzaji, kijana wa shati safi, alinikuta nimeshika usukani.

"Mama, papa iko wapi? Yeye njo atachagula?"

"Papa iko ku makaburi," nilimwambia, "na kule habatake trekta. Minye njo nitachagula."

Aliomba radhi, akawa mwema kweli baada ya hapo. Aliniuliza shamba langu lina nini. Nikamweleza: matuta ya mihogo, mahindi, viazi vitamu, na visiki. Visiki ni vingi, kwa sababu wachoma makaa walipita pale kabla yetu. Uso wake ulibadilika. Akasema trekta yenye kiti inataka uwanja ulio wazi. Ikipanda juu ya kisiki na kuinama, mtu aliye peke yake hataweza kuinyanyua, na mbaya zaidi ni ikimwangukia. Akanipeleka nyuma ya duka kulikokuwa na mashine ya magurudumu mawili, ya kushika mikono na kutembea nyuma yake. Wao huiita motoculteur. Ilikuwa na sura mbaya, kama mbuzi aliyekonda. Nilifungua kifuniko cha pembeni, nikaona mkanda na mahali pa mafuta, nikafurahi. Hayo ninayajua kutoka kwenye cherehani. Nilijaribu kuinua mikono yake, ikainuka. Hata hivyo sikutaka kuichagua bila kuiona ikilima. Kijana alinielekeza kwa wateja wake, mume na mke wenye shamba nje ya mji, njia ya Kambove, akawapigia simu kuwaomba wanipokee.

Mchana nilifika huko kwa pikipiki. Papa Mwape alikuwa mstaafu wa kiwanda, mtu wa maneno machache, na mkewe Mama Odile alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Walinipa maji, wakanionyesha mashine yao, ndugu wa ile ya dukani. Kisha wakalima nikiangalia. Papa Mwape alitangulia ameshika mikono ya mashine, udongo ukifunguka nyuma yake, na Mama Odile alimfuata na beseni la mbegu kiunoni. Hawakuzungumza. Akipunguza mwendo huyu, na yule alipunguza. Niligeuza uso nikajifanya ninatazama mihogo yao, kwa maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka maswali.

Mama Odile alikuja nalo swali hata hivyo.

"Minye ninamufwataka na mbegu. Weye, nani atakufwata?"

Nilimwambia nitalima kwanza, kisha nitarudi mwenyewe kwenye mstari uleule na mbegu. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabia mwenzake safari.

Ikafika zamu yangu ya kujaribu. Papa Mwape alinionyesha jinsi ya kuvuta kamba ya kuwashia: usiivute kwa hasira, ivute kwa mwili wote. Mashine iliamka, ikanivuta, nikaivuta nami, tukagombana kidogo. Akanipigia kelele niiache iende yenyewe, kazi yangu ni kuielekeza tu. Nikalegeza mabega. Hapo ikatulia, na mstari ukafunguka mbele yangu ulionyooka, laini, wa kina cha kutosha mahindi. Nikisema nilifurahi ninasema kidogo. Kazi ya asubuhi nzima ya mgongo wangu ilipita chini ya miguu yangu nikitembea tu.

Nilipofika mwisho wa mstari nikasimama.

Sikufikiri kitu. Nilisimama tu, mikono juu ya mashine kama mtu anavyoegemea jembe, nikageuka nyuma kutazama. Injini ilinguruma na kuteketeza mafuta ya watu. Nilisimama hivyo mpaka Papa Mwape akaja akitembea, akidhani nimeharibu kitu. Aliangalia magurudumu, akaangalia mkanda, hakuona kasoro. Akainama sikioni kwangu kwa ajili ya kelele.

"Mama, unangoya nani?"

Mama Ngosa alikuwa Kolwezi akibeba mtoto mgongoni. Wengine sikujua hata wako wapi. Nilikuwa mjinga mmoja katika shamba la wageni, nikiwangoja wanawake ambao hawapo, na hapo machozi yalitoka kweli, bila adabu.

Papa Mwape alibaki ameduwaa, ila Mama Odile alielewa. Kwao pia, upande wa Lufira, walilima hivyo. Aliweka beseni la mbegu kiunoni, akatembea mstari mzima bila haraka, akiudondoshea mahindi, mpaka akafika niliposimama. Alivuta pumzi kama mtu aliyechoka.

"Njo nimefika," alisema. "Tuende."

Tukarudi na mstari wa pili pamoja. Sijamwona tena tangu siku ile, na simfahamu kwa zaidi ya alasiri moja, lakini ninamtaja kila ninaposali.

Siku iliyofuata nilirudi dukani nikachagua ile yenye sura mbaya, nikailipia kwa akiba yangu ya miaka. Nilikataa jembe pana walilotaka kunifungia, kwa sababu ya visiki, nikachukua jembe jembamba na lile la kuinulia matuta. Nikachukua mikanda ya akiba, nikafundishwa kuibadilisha, nikaibadilisha mbele yao. Kijana alitaka kunisaidia, nikamwondoa mkono. Kama mashine itanigomea huko ziwani, yeye hatakuwepo.

Kurudi tulitumia pikapu ileile ya samaki, sasa ikiwa tupu. Mashine ilifungwa kwa kamba katikati ya mabeseni, nami nikaketi kando yake nikiishikilia kila tulipopita shimo. Mama wa samaki waliniuliza ni ya nini, na safari hii tulizungumza hadi mwisho wa njia. Mmoja alitaka kujua kama inaweza kumlimia mkwe wake. Nilimwambia inalima, ila haiamshi watu usingizini.

Nyumbani nilianza kulima kesho yake, na kila jua lilipopoa kidogo nilirudi tena. Nilijifunza kuzunguka kila kisiki, na mahali nilipokwama niliinua mikono, nikarudisha nyuma, nikaendelea. Sikusimama mwisho wa mstari. Niligeuza tu mashine. Kazi iliyokuwa ya wanawake wote, na vicheko vyake, na ugomvi wake, niliimaliza mapema kuliko tulivyowahi kuimaliza sote. Nilipoizima mara ya mwisho, kimya kilichokuja kilikuwa kikubwa hata nikasikia kuku wakikwaruza upande wa pili wa nyumba. Mawingu yalikuwa mazito upande wa ziwa. Shamba lote lilikuwa wazi, jeusi na jekundu, halina jani.

Jioni hiyo nilipanda kichuguu, maana ndipo tu simu inaposhika. Nilimpigia Donatien. Nilijivuna, sifichi. Nilimwambia shamba limelimwa lote, mvua bado haijagusa ardhi, kwa hiyo mama yake haendi popote.

Simu ilikwaruza. Nikadhani mtandao umekatika, nikaita jina lake.

"Niko hapa, mama," alisema. "Ni muzuri." Kisha akaongeza: "Minye nilikuwa naomba ikushinde."

Nilimuuliza kwa nini aombe jambo la namna hiyo juu ya mzazi wake.

"Chumba yako nilisha kupaka rangi. Nikirudiaka ku kazi, njo mule ninakaliaka."

Nilikuwa nimekwenda hadi Likasi na kurudi, nimetazama magurudumu, mikanda na majembe, nimelia mbele ya wageni kwa ajili ya wenzangu wa likelemba, na muda wote huo nilimhesabu mwanangu kama mtu wa kushindana naye. Kuhusu trekta ninaweza kuwashauri wenzangu: kwa shamba dogo lenye visiki, chukueni ile mnayoweza kuinyanyua wenyewe inapokwama, na msidanganywe na kiti. Ushauri huo ni wa kweli na ninausimamia. Lakini nilitafuta namna ya kutomhitaji mtu, nikaipata, na sikuuliza hata siku moja kama kuna mtu anayenihitaji mimi.

Nilimwambia nitapanda mahindi, halafu nitakwenda kwake nikae hadi palizi. Nilimuuliza amepaka rangi gani. Akasema ya bluu.